Kupoza Kibanda Kabla ya Mwezi Kuandama

Kibanda changu cha darubini kimejengwa kwa mawe na chokaa, kuta zake nene dhiraa nzima, na kinaelekea Kibla. Kwetu Amu Kibla kiko kaskazini. Mwezi mwandamo huonekana magharibi. Mtu akiniuliza taabu zangu zilianzia wapi, humpeleka uani nikamwonyesha mlango.

Simlaumu fundi, ingawa nilimlaumu kwa wiki mbili, kila siku, mbele ya watu. Yule bwana anajenga katika mji huu tangu mimi niko chuoni nasoma juzuu. Amejenga misikiti, amejenga nyumba za ghorofa, amejenga mabanda ya kuku, na vyote ameviweka sawa na Kibla kwa sababu hajui namna nyingine ya kuanza jengo. Hata choo, ambacho sharti kikiepuke Kibla, huanza kwa kukitafuta Kibla ili ajue anaepuka nini. Nilimwambia nataka kibanda nyuma ya nyumba, chenye paa la kuvuta, na upande mmoja uwe wazi nipate kutazama mbinguni. Hakuniuliza upande gani. Nami sikumwambia, maana nilikuwa nakwenda shule kufundisha na kengele ilikuwa karibu kulia. Wiki tatu baadaye nikakabidhiwa kibanda kizuri ajabu chenye tao pana upande wa kaskazini. Nilisimama ndani nikatazama. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa jiko la jirani, na nyuma ya ukuta ule, mbali kabisa, Makka.

"Bwana," nikamwambia, "mimi nataka kuona mwezi."

"Bi, hukusema mwezi. Ulisema mbinguni."

Ni kweli nilisema mbinguni.

Sababu ya kibanda ni baba yangu, ninayeishi naye tangu mume wangu alipofariki. Baba amepita miaka themanini. Kazi yake ilikuwa kushona kofia kwa mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo mtu wa kawaida akivitazama sana huumwa na kichwa. Ameacha kushona kwa sababu, asema, nyuzi za siku hizi hazifai. Msahafu ameacha kuufungua kwa sababu wino wa siku hizi umefifia, na kwa vyovyote nusu yake anayo moyoni. Mimi nikisimama mlangoni huuliza "Nani?" kwa sababu taa zetu ni dhaifu. Nyumba nzima ina kasoro isipokuwa yeye. Baba husema Kiamu cha zamani, jua kwake ni yua na macho ni mato, na akishasema "mato yangu ni mazima" mazungumzo yamekwisha.

Kwa miaka zaidi ya arobaini ndiye aliyekuwa akiuona mwezi kabla ya wote mtaani kwetu. Nyumba yetu iko juu, nyuma ya mji, penye mchanga, na wanaume hupanda hapo jioni ya tarehe ishirini na tisa kutazama magharibi juu ya minazi. Hawakuwa wakiutafuta mwezi. Walikuwa wakikitazama kidole cha baba. Kikiinuka, watu hufuata kidole, mwezi huwa upo pale, na kina mama huanza kupepeta mchele wa Idi.

Ramadhani moja, mwaka mmoja kabla ya kibanda, kidole kiliinuka na watu wakakifuata wasione kitu. Wakatazama tena. Vijana wenye macho ya kunguru wakatazama. Mbingu ilikuwa nyeupe na tupu. Baba akaapa kwamba mwezi uko pale, juu ya mnazi ulioinama. Habari zikaja kwamba hakuna aliyeuona popote, na kwamba watu wakamilishe thelathini. Khatibu wa msikiti wetu, mtu mpole anayependa kufariji, akamshika baba mkono akamwambia, "Bwana, heri kufa macho kuliko kufa moyo." Alikusudia wema. Baba hakusema naye Mfunguo Mosi wote, mwezi mzima.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba aliyeuona mwezi peke yake, sharia yamtaka afungue, ila kwa siri, asizue fitina. Basi siku ya thelathini, mji mzima umefunga, baba aliingia chumba cha ndani, akala tende tatu, akanywa kahawa, akatoka na uso mkavu kama aliyetoka kusali. Kahawa nilimpelekea mimi. Kama aliuona mwezi, basi alimtii Mungu peke yake huku watu wakimwonea huruma. Kama hakuuona, alikula mchana wa Ramadhani, na birika lilikuwa langu. Jambo hili hatukulizungumza. Baba alisema tu, "Mwaka ujao wataona," na mimi nikaamua kwamba mwaka ujao wataona.

Darubini nilikuwa nayo. Niliachiwa na Mzungu mmoja mzee aliyekuwa na nyumba karibu nasi. Magoti yake yaliposhindwa na ngazi za Amu alirejea kwao, akanikabidhi paka wawili na darubini, na kwa miaka mitatu vyote vitatu vililala uvunguni mwa kitanda. Ni bomba nene kama gogo la mnazi, urefu wa mtu mfupi, na chini yake kuna kioo cha duara kinachokusanya mwanga na kuupeleka juu, ambapo mtu huweka jicho. Nafundisha fizikia katika sekondari. Nilijua jinsi inavyofanya kazi, na kujua huko hakukunisaidia kitu, kama itakavyoonekana.

Kioo kile kina tabia moja. Kikiwa na joto kuliko hewa ya nje, hewa ndani ya bomba huchemka, na chochote unachokitazama hutetemeka, kama unavyomwona mtu aliyesimama upande wa pili wa jiko la mkaa. Ukiwa na usiku kucha unaweza kungoja kipoe. Mwezi mwandamo hauna usiku kucha. Jua likizama unabaki na nusu saa, pengine kidogo zaidi, ya kutafuta uzi mwembamba kwenye mwanga wa jioni, kisha nao huzama. Kwa hiyo kibanda sharti kiwe kimepoa wakati ule ule ambao mji wote unatoa joto ulilolinywa mchana kutwa. Na miaka hii Ramadhani yaangukia kwenye joto la mwishoni mwa kaskazi, wakati hata kuku hutembea wamefungua midomo.

Fundi akarudi, akavunja ukuta wa magharibi na kutia dirisha kubwa. Sasa niliweza kuuona upande wa mwezi. Jua nalo likaweza kuniona mimi. Kuanzia alasiri liliingia kwa dirisha lile na kukaa ndani hadi magharibi, kama mgeni asiyesikia mkeka ukikunjwa. Paa lilikuwa la bati, kwa sababu paa la kuvuta sharti liwe jepesi. Mawe kando, bati juu, jua ndani. Nilitundika vipimajoto viwili vya shule, kimoja ndani na kimoja nje, nikaandika tofauti kwenye daftari. Baba aliniuliza kila jioni kibanda kina hali gani, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, nami nikamjibu kwamba bado kina homa.

Siku moja nilisahau kufunika bomba. Jua likaingia kwa dirisha hadi kwenye kioo, kioo kikafanya kazi yake kwa uaminifu, na leso yangu niliyoitundika ukutani ikaanza kutoa moshi. Tundu lilikuwa la duara, safi, na liliunguza neno "subira" lote likaacha maneno mengine salama. Jirani alikuja na ndoo. Tangu siku hiyo nikaweka sheria kwamba kifuniko hakiondolewi mpaka adhana ya magharibi, kwa sababu kinachoweza kufanya vile kwa leso sitaki kuona kitakavyofanya kwa jicho.

Jioni ya kuutazama mwezi wa Rajabu tulijaribu kwa mara ya kwanza. Baba alikaa kwenye kibao, akaweka jicho, akangoja.

"Sioni," akasema. "Joto."

Nikatazama mimi. Niliona kitu kama maji yanayochemka ndani ya sufuria ya maziwa. Joto kweli. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa na adui, na adui mwenyewe alikuwa na kipimo.

Nikapaka bati chokaa. Ilisaidia kidogo. Nikaning'iniza magunia mabichi dirishani, niliyoyalowesha kwa maji ya kisima, nikidhani upepo utayapitia na kupoa. Ulipoa. Lakini jirani ana punda, na punda huyo akagundua kwamba nyuma ya nyumba yetu kuna kitu kibichi kinachotafunika. Gunia la kwanza alilinyonya. La pili alilila. Nilipokwenda kumlalamikia mwenyewe akanijibu kwamba punda wake hana mazoea ya kula magunia, hivyo yawezekana magunia yangu yana kasoro. Nikarudi nyumbani.

Kwa mwezi wa Shaabani nikatumia barafu. Wanunuzi wa samaki wana barafu, nikaomba mabonge mawili, nikayaweka kwenye beseni chini ya kioo. Joto likashuka vizuri sana. Kipimajoto cha ndani kikawa chini kuliko cha nje, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nikaliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Saa moja kasorobo adhana ikalia, nikaondoa kifuniko, nikatazama. Kioo kilikuwa kimeota jasho lote, cheupe kama glasi ya maji baridi. Hewa ya pwani yetu ina maji, na ikikuta kitu baridi huyaacha hapo. Hilo huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili. Barafu nayo ilikuwa ya samaki na kibanda kikanuka papa. Paka wa Mzungu wakaja, wakaleta wenzao, na baba alipoweka jicho kulikuwa na paka wanne wakilamba beseni miguuni pake.

"Sioni," akasema. "Ukungu."

Mara hiyo pia alisema kweli. Nilikifuta kioo kwa uangalifu wote, na kilipokauka mwezi ulikuwa umekwisha kuzama.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya kuutazama mwezi wake nikaweka feni, tena mbili. Feni haipozi kibanda. Hugawa joto kwa usawa ili pasiwe na pembe inayoonewa. Hata hivyo hewa ndani ya bomba ilitulia kiasi. Nikautafuta mwezi nikaupata. Ulikuwa ukitetemeka, lakini ulikuwapo, ungeweza kuhesabu pembe zake mbili. Nikauweka katikati, nikampisha baba, nikanyamaza ili aseme mwenyewe.

Akatazama. Feni zikavuma.

"Sioni," akasema. "Joto."

"Ndiyo baba," nikasema. "Joto."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba jicho la mzee huhitaji picha iliyotulia zaidi kuliko langu, na hilo kisayansi linasemeka. Nilijiambia kwamba kibanda kikipoa sawasawa ataona. Nilikasirika pia, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo asubuhi nilikwenda nikamkasirikia fundi.

Fundi alikuwa juu ya jukwaa akitia chokaa ukuta wa mtu, amefunga, hana mate ya kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alasiri akaja, akaingia kibandani, akazunguka pembe zote akinusa. Kisha akauliza zile nguo nzito ni za nini. Nikamwambia ni mablanketi, mawili, naifunika darubini isiingie vumbi.

"Mchana?"

"Mchana."

"Katika joto hili umeivika blanketi."

Nimefundisha mada ya joto kwa miaka ishirini na miwili.

"Bi," akasema, "nyumba haipozwi jioni. Yapozwa asubuhi kwa kutolipa yua nafasi. Wewe waliacha liingie, likae, ndipo watafuta la kulitoa. Mgeni akishakula halafu umwambie hukumwalika?"

Akatoa mablanketi, akatoa zulia, akatoa sanduku la vitabu na kila kinachohifadhi joto. Akatafuta tanga kuukuu la mashua, akalipaka chokaa, akalisimamisha nje, hatua moja kutoka ukuta wa magharibi, kwa kamba ya kulishusha, ili jua lipige tanga na ukuta ubaki kivulini. Akatoboa matundu manne chini, usawa wa sakafu. Paa akaniambia nilivute kidogo tangu adhuhuri, shubiri moja tu upande wa juu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Na tao lake la kaskazini, lile nililolitukana wiki mbili, lilikuwa mahali pekee pa kibanda ambapo jua halikufika kutwa, na upepo uliokuwa bado umebaki wa kaskazi uliingia hapo taratibu ukatokea juu.

"Nilikwambia," akasema fundi.

Hakuniambia. Lakini nilimpa sambusa za futari akaenda nazo.

Siku ya tatu vipimajoto vililingana. Nilivibadilisha mahali, cha ndani nikakitoa nje na cha nje nikakiingiza ndani, kwa sababu siviamini vyombo vya shule. Vikalingana tena. Nilimwambia baba kwamba homa imeshuka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo, akatuma ujumbe kwa khatibu: jioni ya ishirini na tisa aje kwetu afuturu uani, aone mato yaliyokufa yanavyofanya kazi.

Nilimwambia hapakuwa na haja. Akanijibu kwamba haja ipo, ni ya mwaka jana.

Ishirini na tisa ikafika, mbingu safi, joto la kuunguza. Tanga likasimama tangu saa nne asubuhi. Nilikwenda kukitazama kibanda mara nyingi kuliko nilivyotazama vyungu, na sambusa za sahani moja zikaungua. Khatibu alikuja mapema kidogo na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi kwenye kiti nilichomwekea uani, akazungumza na baba habari za bei ya mchele. Nyuma ya ukuta wanaume wa mtaa walikuwa wamekwisha kupanda mchangani kama kawaida. Walikuwa wakitazama magharibi wenyewe, bila kidole.

Adhana ikalia. Tukala tende, tukanywa maji. Nikashusha tanga, nikavuta paa lote, nikaondoa kifuniko. Vipimajoto nilivisoma kwa sauti. Sawasawa.

Nikautafuta polepole, juu kidogo ya pale lilipotua jua. Haukuchukua muda. Ulikuwa umelala chali, kama unavyolala kwetu majira yale, pembe mbili juu, mwembamba kuliko uzi wa kofia. Haukutetemeka hata kidogo. Katika miezi yote ile sikuwahi kuona kitu kilichotulia namna ile, na kwa muda mfupi nilisahau kwa nini nilikuwa nautazama. Nikauweka katikati, nikakaza skrubu, nikampisha baba.

Akakaa. Akalipapasa bomba mpaka akapata mahali pa jicho. Akatazama muda wa mtu kusoma Alhamdu mara tano, akabadilisha jicho, akatazama kwa lile la pili.

"Joto," akasema.

Safari hii ilikuwa swali. Aliuliza kwa sauti ndogo, khatibu asisikie.

Nafasi ilikuwa hapo. Ningesema "liko kidogo, baba", tungetoka nje tukalilaumu tanga, tungemlaumu fundi, tungeingia Mfunguo Mosi na heshima yetu yote. Wallahi nililitamani joto. Miezi mitatu nilikuwa nalifukuza, na dakika ile ningetoa chochote lirudi. Lakini nilijua kitakachofuata. Angetoka uani, angesimama mbele ya watu, angeinua kidole, na safari hii mkono utakaokuwa umekiinua ni wangu.

"Hakuna joto," nikasema. "Vipimo viko sawa."

"Ukungu."

"Hakuna."

"Umetulia?"

"Umetulia, baba. Uko katikati."

Hakuondoa jicho. Alibaki vile, mgongo umepinda, mkono mmoja juu ya bomba. Nilitaka kumshika bega na sikumshika, kwa sababu hapendi, na kwa sababu ningelia.

Khatibu akaita kutoka uani, kwa upole wake ule ule. "Bwana, wasemaje?"

Wanaume kule mchangani walikuwa bado hawajasema kitu. Mwanga ulikuwa mwingi kwa macho matupu. Baba angeweza kusema "nimeuona". Mwezi ulikuwapo kweli, asingemdanganya mtu yeyote, na baada ya robo saa kila mtu angeuona na kusema mzee yule bado. Nilingoja aseme hivyo. Nadhani nilitaka aseme hivyo.

"Sikuuona," baba akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Akainuka kwenye kibao. "Mwanangu kauona. Ndooni mutazame."

Khatibu akaingia, akainama, akauona mara moja. Akasema "Allahu akbar" taratibu, akamwita mtu mwingine, na huyo akauona, na kisha kelele zikasikika kutoka mchangani kwamba umeonekana. Khatibu akageuka kumtazama baba, akafungua mdomo. Nilimkazia macho niliyomkazia mwanafunzi yeyote aliyewahi kuinua mkono bila ya kuwa na jibu. Akaufunga. Alikwenda zake akatangaze, nami nikafunika darubini kwa shuka nyepesi.

Idi tukaila vizuri. Baba alivaa kofia yake nzuri, akapokea watu, akacheka panapochekesha. Kuhusu kibanda hakusema neno, na mimi nilikuwa na wageni na vyombo.

Siku ya pili ya Mfunguo Mosi, asubuhi, nilimpelekea kahawa ukumbini. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini. Akanusa, akasogeza birika pembeni kwa vidole.

"Nimefunga," akasema.

Watu wengi huanza siku hiyo kufunga zile sita za sunna. "Umeanza sita?" nikamuuliza.

"La. Nalipa moja."

Sikuuliza ipi. Joto lilikuwa limekwisha kupanda, na saa mbili bado. Nikamwambia kwamba mzee wa umri wake ana ruhusa, hulisha maskini mmoja ikatosha, na kwamba ningempikia huyo maskini pilau sasa hivi, kabla ya adhuhuri. Nilisema mengi, haraka haraka, kama nilivyofanya na barafu na magunia.

Baba aliningoja nimalize. Akageuza uso upande wangu, si sawasawa, kidogo kushoto ya pale niliposimama.

"Ruhusa ni ya asiyeweza kufunga," akasema. "Mimi nisichoweza ni kuona."

Nikalirudisha birika jikoni.